Dirisha la Bi Rukia

Maimuna mwanangu,

Bahasha hii nimeifunga kwa gundi ya mbao, ile ya kazini, si ya posta. Ukiikuta imebanduka pembeni, ujue kuna mtu ameifungua, na usianze kumshuku kondakta wa basi nitakayempa akuletee. Anza na mume wa shangazi yako, huko Kilifi utakakofikia. Namjua yule, hawezi kuona karatasi ya mtu asiigeuze nyuma na mbele. Ikiwa imekufikia nzima, basi jifungie chumbani, ukae peke yako, usome.

Sasa hivi ni baada ya alasiri. Wewe umekwenda kumuaga nyanya yako, na mamako yuko jikoni akikukaangia mahamri ya safari. Mara mbili amechungulia hapa karakanani kuniuliza naandika nini. Nimemwambia ni orodha ya misumari. Amenitazama tu, akaenda zake. Hajaamini, na mimi najua kuwa hajaamini, na ndivyo tulivyoishi miaka yote hii.

Habari za kula na kulala, za kurudi mapema na kutojibizana na shangazi yako, mamako ameshakwambia tangu juzi na nyingine amezirudia. Mimi nina jambo moja. Ningekwambia uso kwa uso kama ningekuwa na uso wa kukwambia.

Jumatatu unaingia kazini Kilifi, karani wa masjala katika ofisi ya ramani za majengo. Faili zote zitapita mikononi mwako. Iko siku, pengine wiki ya kwanza, pengine mwakani, utalishika faili la mtaa wetu. Ndani yake kuna barua isiyo na jina, imeandikwa kwa wino wa buluu, inamshitaki Bi Rukia kwa ajili ya dirisha lake. Hutamaliza mstari wa kwanza kabla hujaujua mwandiko. Saba yako ile yenye mkia ulijifunza hapa karakanani, kwa kutazama namba ninazoziandika kwenye mbao. Barua ile niliiandika mimi.

Haya, umeshajua. Lakini kaa kitako, kwani hilo ndilo jepesi.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka ule wa unga wa manjano, tulipokuwa tukipanga foleni dukani na kurudi na paketi moja. Wakati huo watu wa mtaani walikuwa wameshikwa na wazimu wa madirisha. Kila mtu anang'oa dirisha la mbao alilojenga babu yake anatia vioo vya luva, eti kama hotelini. Na wageni nao wakizunguka vichochoroni kuulizia fremu za kale wakapambie baa zao. Ndipo ofisi ikaleta kanuni. Dirisha la nyumba ya kale likioza, ruhusa kulibadilisha, lakini tundu libaki lilivyokuwa, urefu na upana. Mbao iwe mbao, si chuma. Vibao viwili vya kufungia viwe kama vya mwanzo. Na mtu akitaka kulipanua, apeleke mchoro, na jirani anayetazamana naye atie saini kuwa ameridhia.

Mimi nilizisoma kanuni zile mara tatu nikitafuta mtego uko wapi. Sikuuona, nikazidi kushuku. Lakini moyoni nilifurahi. Nani mwingine Malindi yote alikuwa anajua kuchonga dirisha la kale, na fremu zake, na bawaba zake za kugonga? Nikajiambia, Athman, sasa watakuja wenyewe.

Dirisha la kwanza kuoza mtaani baada ya kanuni lilikuwa la Bi Rukia, lile la chumba cha ndani, upande wa kichochoro, linalotazamana na ukuta wa ua wetu. Sikulala kwa raha nikingojea aniite. Jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane tunayepelekeana naye futari, mwanangu mwenyewe anashinda miguuni pake akifundishwa kushona kofia. Atamwita nani kama si mimi?

Akamwita Kazungu wa Kaloleni.

Unamkumbuka Kazungu, kijana mrefu aliyesomea useremala kwa wamisionari, mpole, akifika lazima akwambie shikamoo hata kama una shughuli. Alikuja na mkokoteni, na juu ya mkokoteni pana dirisha limekwisha tengenezwa, pana, refu, la vioo. Nilisimama pale mlangoni na randa mkononi. Akanambia, "Shikamoo Fundi." Nikaitikia marahaba, nikarudi kwenye mbao zangu.

Mamako alinieleza sababu siku ile ile. Alisema Bi Rukia aliona haya kuniita kwa kuwa kila anapotaka kunilipa nakataa, naye hataki kazi ya bure kwa jirani. Tena anataka mwanga, kwa sababu tundu la zamani ni dogo na liko juu, na kofia ina vishimo mamia, kila kimoja sindano izunguke. Neno la mtu mzima mwenye akili zake. Mimi nikamwambia, "Hayo ndiyo aliyokwambia wewe. Mimi nakwambia kuna jambo."

Na nilipolitafuta jambo nikalipata. Mtu akitaka kushuku hakosi. Nilitoka kichochoroni nikalitazama lile dirisha jipya, nikaona limeteremshwa chini na kupanuliwa, nikasema, ahaa! Mtu akikaa pale anaona ndani ya ua wetu. Anamwona mke wangu akifua kichwa wazi, anamwona binti yangu. Hii ni stara ya nyumba yangu.

Mamako akaapa. "Nimekaa pale pale kwenye mto wake, Baba Maimuna. Huoni kitu ila ukuta wetu, na majani ya mpapai kwa juu."

"Umetumwa useme hivyo."

"Nani anitume?"

"Wewe ndiye unayemjua."

Mimi mwenyewe sikuweza kwenda kutazama. Mwanamume ataingiaje chumba cha ndani cha mjane? Kwa hiyo nikajiachia kutojua. Adabu yetu ilinipa mlango wa kujificha, nikaingia na kufunga. Aliyeweza kuingia na kuona aliingia akaona, akaja akanambia, na mimi nikamwita mwongo nyumbani kwake. Kumbe stara haikuwa lolote. Ulikuwa wivu, Maimuna. Wivu wa kitoto wa mzee mwenye mvi, kwa sababu ya mkokoteni wa Kazungu.

Nikaandika. Niliandika kwamba dirisha limepanuliwa bila mchoro, nikatoa vipimo vyote, vya zamani na vya sasa, kwa kuwa vyote nilikuwa navijua kwa macho. Ungedhani nimeishia hapo. Nikaongeza mstari. Nikasema mwenye nyumba amelipanua kwa makusudi ya kuchungulia wake za watu. Maneno yale niliyaona yamekaa vizuri. Niliyasoma mara mbili kabla ya kuitia posta, na niliitia posta ya Watamu, nisije nikajulikana hapa.

Afisa alikuja baada ya kama mwezi. Alikuwa kijana wa bara, mwenye tai, hana ubaya, anafanya kazi yake. Alisimama kichochoroni na karatasi, na kwa kuwa Bi Rukia alikuwa nyuma ya pazia, akawa hana budi kupaza sauti asikike. Akaisoma barua yangu. Akausoma na ule mstari. Mtaa mzima ulikuwa nje, na wewe ulikuwa umesimama na beseni la maji kichwani. Kutoka nyuma ya pazia ikatoka sauti ndogo, "Mimi, mwanangu? Mimi nichungulie?"

Jioni ile uliniuliza, "Baba, nani aliyewaleta?" Na mimi nikakushika bega nikakwambia, "Mwanangu, usimwamini mtu yeyote mtaa huu." Unakumbuka? Nimekusikia ukiwaambia wenzako maneno hayo hayo, kama wasia wa babako. Sikukufundisha hekima siku ile, nilikuwa najificha nyuma yako.

Afisa alikuwa amemwachia fomu. Alimwambia bibi, jirani anayetazamana nawe akitia saini ndani ya siku thelathini, dirisha libaki. Bi Rukia akampa mamako fomu aniletee, na sahani ya kaimati juu yake. Kaimati nilizila. Fomu nikaiweka chini ya kisanduku cha patasi. Kila mamako akiuliza namwambia, "Mambo ya serikali hayo. Leo unatia saini ya dirisha, kesho unaambiwa umeuza ukuta." Na kila mtu aliamini! Wakacheka, wakasema Fundi Athman huyo, hata kuku akiingia uani kwake anamuuliza katumwa na nani. Wao walicheka, mimi nikapona. Siku thelathini zikapita.

Sasa ndiyo nafika pale ninapotaka kupaepuka. Nimeinuka hapa mara mbili, nimenoa patasi ambayo haikuwa butu, nimerudi.

Dirisha lilipoamriwa kurudishwa lilivyokuwa, Kazungu alikataa kulivunja. Alisema hawezi kubomoa kazi ya mkono wake, na hakukanyaga tena mtaa wetu. Basi Bi Rukia akaniita mimi. Safari hii alituma neno kuwa lazima nikubali kulipwa. Nikaenda na futi yangu na penseli sikioni. Yeye akahamia chumba cha mbele, akaniachia chumba cha ndani nipime.

Niliingia. Chini ya dirisha palikuwa na mkeka, na mto, na kofia imeachwa nusu na sindano bado imo. Mwanga ulikuwa umeuangukia mto wote. Nikaketi pale, Maimuna, nikakaa kama anavyokaa yeye, nikatazama nje.

Niliona ukuta wetu. Niliona chokaa ilivyopasuka, na juu yake majani ya mpapai. Nikajinyoosha, nikapiga magoti, nikasimama kwa vidole. Wallahi nilikuwa natafuta hata kamba ya nguo. Hapakuwa na kitu ila ukuta.

Mtu mwingine angetoka pale akasema ukweli. Siku thelathini zilikuwa zimepita, lakini afisa yule alikuwa muungwana, angenisikiliza. Mimi nilisimama nikapima. Nikaenda nikachonga dirisha dogo kama la kale, la mvule, kazi safi kabisa, sijui kama nimewahi kuchonga zuri kuliko lile. Nikarudi, nikang'oa la Kazungu, nikajenga ukuta kwa mawe na chokaa mpaka pakabaki tundu lile lile la juu. Nilipopiga msumari wa mwisho chumba kilikuwa kiza, nikaitisha taa ili nione kama kazi imenyooka. Nikalipwa ujira wangu, nao niliupokea.

Tangu hapo Bi Rukia alishona kwa kandili mchana kutwa. Wewe ulikuwa ukirudi kwake unasema macho yanakuwasha kwa moshi. Kisha ukaacha kwenda, ukasema chumba kina joto.

Sasa nikwambie habari ya kazi yako. Unadhani babako alikutafutia kazi ile kwa mapenzi. Mapenzi yalikuwamo, usidhani hayakuwamo. Lakini mwaka jana nilipeleka mchoro wa mteja pale Kilifi, na karani akafungua faili la mtaa wetu mbele yangu. Nikauona wino wangu wa buluu, na ile saba. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kuwa yule karani ameniangalia vibaya, na dereva pia, na abiria wa nyuma yangu. Na uliposema wanatafuta karani wa masjala, ni mimi niliyekwenda kumwona huyu na yule, ni mimi niliyekuhimiza ujaze fomu. Nilikuwa nataka siku moja uichomoe ile barua uniletee. Nilikuwa nimekwisha panga na maneno ya kukwambia. Ningesema ni karatasi ya zamani tu isiyo na kazi.

Unakumbuka wiki iliyopita nilivyokuuliza kama faili za Malindi ziko Kilifi zote? Ukanijibu, "Mbona wauliza, baba?" Nikasema nauliza tu. Halafu juzi, ukikunja nguo zako, ukamwambia mamako kwamba umetia saini kiapo, karatasi haitoki masjala hata kwa mkubwa wa ofisi. Ukacheka, ukasema, "Hata baba akija kuniomba, haitoki." Mlicheka wote wawili. Mimi nilitoka nje nikasimama kichochoroni, nikaliangalia lile dirisha langu zuri. Niliona haya mbele yako, na wewe hata hukuwa unajua.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Bi Rukia.

Nilipiga hodi, nikaketi barazani, naye akaketi ndani nyuma ya pazia. Nikamwambia yote, bila kuzunguka, kwa sababu nilijua nikizunguka nitapotea. Nilimwambia barua, nikamwambia mstari ule, nikamwambia nilivyokaa kwenye mto wake. Na hapo hapo, tazama maradhi yangu, nikaanza kushuku kuwa alikuwa anajua siku zote na ananitega. Hakuwa anajua. Nilimsikia akilia.

Mwisho akasema, "Mimi nilimdhania shemeji yangu, Fundi. Miaka yote hii sijampokea salamu yake. Alikuja Idi akagonga, nikazima taa."

Nilikuwa nimekwenda na fomu mpya, nimeijaza na kuitia saini yangu ya jirani anayetazamana naye. Nikaipitisha chini ya pazia. Nikamwambia, "Bibi, nitalifungua upya. Nitalipanua kuliko la Kazungu, na nitakwenda Kaloleni kumwomba aje tulifanye pamoja. Ofisi haina la kukataa sasa."

Upepo ulisogeza pazia kidogo nikaona mikono yake. Alikuwa ameishika ile fomu juu chini. Aliisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akairudisha.

"Imeandikwaje hapa?" akauliza.

Nikamsomea.

"Sioni karatasi, Fundi, sembuse tundu la sindano. Tangu Ramadhani iliyopita sijatia uzi mwenyewe. Sasa dirisha unamfungulia nani?"

Maimuna, nimeishi miaka hamsini na nane nikiwauliza watu maswali, nani kakutuma, unataka nini, mbona umekuja saa hizi. Hakuna aliyepata kuniuliza mimi swali kama lile. Nilikaa pale barazani mpaka jua likanifikia miguuni.

Nilipoinuka akaniita. Akasema kwa shemeji yake nitakwenda mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nikamwambie kwa mdomo wangu. Nitakwenda kesho nikishakusindikiza. Kisha akasema, "Na kule ofisini, lile neno la kuchungulia bado limo?" Nikamwambia limo. Akasema, "Basi mimi nikifa leo, serikali itanijua kuwa nilikuwa mwanamke wa kuchungulia wake za watu."

Na mamako nitamwambia usiku huu huu, mbele ya mahamri yake. Nadhani hatastaajabu. Aliwahi kuniuliza mara moja, "Si wewe?" Nikamwapia kuwa si mimi, naye akazima taa akalala. Nilimwita mwongo kwa kusema kweli, kisha nikamwapia uongo. Ukiolewa, mwanangu, mume akikuuliza ulichokiona kwa macho yako na asikuamini, usijilaumu wewe. Sisemi umwache. Nasema tu usijilaumu.

Sikuombi uniamini tena. Miaka yote nimekufundisha kushuku kila mtu, na nimekufundisha vizuri, kwa hiyo unishuku na mimi pia, haki yako. Labda unafikiri nimekiri kwa kuwa niliogopa ungeiona. Ni kweli, niliogopa. Kama usingepata kazi ile pengine ningekwenda nayo kaburini. Nakwambia hivyo ilivyo.

Barua ile ya zamani iache ilipo. Usiichomoe, usiifiche chini ya nyingine, na mtu akikuuliza kama unaujua mwandiko, sema unaujua.

Ndani ya bahasha hii utakuta bahasha ya pili, haikufungwa. Ni ya ofisi. Nimeandika kwamba Bi Rukia binti Salim hakuchungulia mtu, kwamba niliingia chumbani mwake nikaona kwa macho yangu, na kwamba aliyesema uongo ni mimi. Jumatatu ukifika, ipokee kama unavyopokea barua ya mtu yeyote. Ipige muhuri, uitie namba, uifunge juu ya ile ya zamani ili mwenye kufungua faili aione kwanza. Nisamehe kwamba kazi yako ya kwanza ni hii. Yule aliyeandika mara ya kwanza hakuthubutu kutia jina. Safari hii nimelitia.

Babako,
Athman bin Omar, seremala